Maji ya Watu, Ardhi ya Nani?

Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Leo twataka kuitumia methali hiyo kwa mtu ambaye hakuwa mnyonge hata siku moja maishani mwake. Huyo ni Joseph Chamberlain, tajiri wa Kiingereza aliyejipatia mali kwa kutengeneza skurubu, kisha akaiacha biashara akaingia katika siasa. Alikuwa Meya wa mji wa Birmingham, halafu Mbunge, halafu Waziri, na tangu mwaka 1895 mpaka 1903 alikuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza.

Huenda msomaji akauliza: Sisi tuna haja gani na maisha ya bepari wa zama za Malkia Victoria? Twajibu kwamba tuna haja kubwa. Mtu huyu aliwafundisha watu wa mji wake kwamba maji, taa na afya ya umma si vitu vya kuachiwa watu wachache wanaotafuta faida. Na mtu huyo huyo ndiye aliyesimama Bungeni London, mwaka 1895, akazifananisha nchi za watu wengine na mashamba ya Uingereza ambayo bado hayajaendelezwa. Mwenye kutaka kujua jinsi jema na ovu vinavyoweza kukaa katika nyumba moja, na aisome habari yake.

Kijana wa skurubu

Chamberlain alizaliwa London tarehe 8 Julai 1836. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa viatu, na jamaa yao walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Unitarian, watu waliokuwa nje ya Kanisa la Serikali na ambao kwa muda mrefu walinyimwa heshima nyingi za nchi yao wenyewe. Alipotimiza miaka 16 alitolewa shuleni akatiwa kazini. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1854, alipelekwa Birmingham, na sababu ya safari hiyo ilikuwa skurubu.

Seremala yeyote aweza kutueleza jambo hili. Skurubu za zamani zilikuwa butu nchani, wala hazikuweza kuanza kuingia katika ubao mpaka fundi atoboe tundu kwanza. Huko Marekani ikavumbuliwa mashine ya kutengeneza skurubu zenye ncha kali, zinazojipenyeza zenyewe. Mume wa shangazi yake Chamberlain, Bwana Nettlefold wa Birmingham, alitaka kununua haki ya kuzitumia mashine hizo Uingereza, lakini shauri lenyewe lilihitaji mtaji wa pauni 30,000. Baba yake Chamberlain alitoa pauni 10,000, kisha akamtuma mwanawe akaziangalie fedha hizo zisipotee.

Kijana hakuwa fundi wa mashine. Kazi yake ilikuwa vitabu vya hesabu, bei, na kutafuta soko, na katika mambo hayo hakuwa na mfano. Kiwanda kipya cha mvuke kilijengwa Smethwick, karibu na Birmingham. Haukupita muda mrefu kikawa kinatoa theluthi mbili ya skurubu zote zilizotengenezwa Uingereza, na mali yake ikauzwa Ulaya, Marekani, Bara Hindi na kwingineko. Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 38 tu, Chamberlain aliuza sehemu yake akastaafu, mtu tajiri asiyehitaji kufanya kazi tena maishani.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Mali ile haikushuka kama mvua. Zile mashine ziliangaliwa kwa wingi na wanawake na wasichana, na wafanyaji wadogo wa skurubu, ambao hawakuweza kushindana na mashine na bei za kampuni ile kubwa, walimezwa mmoja mmoja. Baadaye adui zake katika siasa walimtupia jambo hilo usoni, naye akalikana kwa ukali. Lakini kwa upande mwingine, tajiri huyu kijana alikuwa akiwafundisha wafanya kazi masomo ya jioni, na alikwenda kwenye mitaa yao akaona kwa macho yake walivyokuwa wakiishi. Aliyoyaona huko hayakumtoka moyoni.

Mji unakunywa maji machafu

Birmingham ya siku zile ilikuwa mji wa maelfu ya karakana: shaba, chuma, vifungo, kalamu za chuma na bunduki. Bunduki za Birmingham zilikuwa zimevuka bahari tangu karne ya 18 kwenda Afrika ya Magharibi, nako zikabadilishwa kwa watu. Lakini mji huo wenye utajiri mwingi ulikuwa ukinywa maji machafu. Nusu ya wakazi wake walitegemea visima, na vingi vya visima hivyo vilikuwa vimeingiwa na uchafu wa vyoo. Maji ya bomba yalikuwa mali ya kampuni ya watu binafsi, nayo yalifunguliwa siku tatu tu katika juma. Gesi ya kuwashia taa ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili zilizoshindana, kila moja ikichimba barabara zile zile kulaza mabomba yake. Halmashauri ya mji ilikuwa imejaa watu waliodhani kwamba sifa kuu ya diwani ni kutotumia fedha.

Chamberlain aliingia katika Halmashauri hiyo mwaka 1869, na mwezi Novemba 1873 akachaguliwa kuwa Meya. Katika muda wa miaka mitatu aliugeuza mji. Mwaka 1875 Halmashauri ilizinunua kampuni zote mbili za gesi kwa karibu pauni milioni mbili. Wenye hofu walipiga kelele kwamba mji utafilisika. Lakini Meya alikuwa mtu wa hesabu. Alijua kwamba mji unaweza kukopa kwa riba ndogo kuliko kampuni yoyote, na kulipa deni polepole kwa miaka mingi. Alijua pia kwamba kampuni mbili zikiwa moja, gharama ya mabomba na ya wasimamizi itapungua. Mwaka wa kwanza gesi ilileta faida ya pauni 34,000, na faida hiyo ikaingia katika mfuko wa mji badala ya mifuko ya wenye hisa.

Kisha akayanunua maji kwa pauni 1,350,000. Hapa ndipo twamwona katika ubora wake. Kwa gesi alikubali faida. Kwa maji aliikataa. Alieleza kwamba maji ni afya, na kwamba mamlaka juu ya uhai wa watu yapasa yawe mikononi mwa wawakilishi wao, tena yasitafutiwe faida hata senti moja. Ikiwa hesabu zitaonyesha ziada, basi bei ishuke. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa tajiri wa kiwanda, si mwasi wa barabarani, na hayajachakaa. Kila mahali ambapo mama anaamka usiku kupanga ndoo zake foleni, maneno hayo bado ni mapya.

Mwaka huo huo wa 1875 alikata shauri kuvunja vibanda vya katikati ya mji, eneo la ekari zaidi ya 40, na kupasua barabara kubwa iliyoitwa Corporation Street. Viwanja havikuuzwa, bali vilikodishwa kwa miaka 75, ili baada ya hapo virudi kuwa mali ya mji pamoja na majengo yote yaliyo juu yake. Katika eneo lile vifo vilikuwa 53 kwa kila watu elfu moja kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1879 mpaka 1881 vilikuwa vimeshuka mpaka 21. Hizi ni hesabu za kumpa mtu heshima.

Lakini tuseme na lingine. Wale maskini waliotolewa katika vibanda hawakujengewa nyumba za kutosha. Palipokuwa na vibanda pakainuka maduka ya fahari na ofisi za mawakili, na mwenye kibanda akaenda kubanana na wenzake katika mtaa mwingine. Vifo vilipungua katika eneo lile kwa sababu hali ilikuwa njema zaidi, na kwa sababu wengi wa wale waliokuwa wakifa walikuwa wameondoka. Kila mwenye kupanga miji na aikumbuke habari hiyo kabla ya kuishangilia barabara mpya.

Na ijulikane kwamba kazi hii yote aliifanya akiwa mtu mwenye jeraha. Mke wake wa kwanza, Harriet, alifariki mwaka 1863 katika uzazi. Mke wa pili, Florence, alifariki vivyo hivyo mwezi Februari 1875, katikati ya shughuli za gesi na maji. Msiba huo ulimpotezea imani yake ya dini, wala hakuipata tena. Alibaki na kazi tu.

Chama ni watu wa mtaa

Wana chama watapenda kujua jambo jingine. Birmingham ilikuwa shule ya vyama vya siasa vya kisasa. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1867 iliupa mji Wabunge watatu, lakini kila mpiga kura alipewa kura mbili tu, kusudi upande wenye watu wachache upate kiti kimoja. Waliberali wa Birmingham waliunda kamati katika kila mtaa, wakahesabu watu wao, wakaagiza mtaa huu uwachague fulani na fulani, na mtaa ule fulani na fulani. Katika uchaguzi wa mwaka 1868 wakavichukua viti vyote vitatu. Chamberlain aliichukua hekima hiyo akaieneza. Aliingia Bungeni mwaka 1876, na mwaka 1877 akaunda shirikisho la vyama vya Waliberali wa nchi nzima.

Alikuwa mkali kwa matajiri wa mashamba. Mwaka 1883, akilitumia lile neno la Injili juu ya maua ya kondeni, alisema kwamba Lord Salisbury, kiongozi wa Wakonsavativu, ni msemaji wa tabaka la watu wasiojua jasho. Mwaka 1885 aliuliza hadharani: Wenye mali watalipa fidia gani kwa ajili ya salama wanayoifaidi? Wenzake katika Serikali walishtuka. Akiwa Waziri wa Biashara alijaribu kutunga sheria ya kuwazuia wenye meli kukatia bima mashua mbovu kwa thamani kubwa kuliko zilivyo, maana meli ikizama tajiri alipata fedha na baharia alipata kaburi. Wenye meli wakaungana, na mwaka 1884 mswada ukaondolewa.

Hapo wafanya kazi wengi waliamini kwamba wamempata kiongozi wao. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Njia panda ya Ireland

Mwaka 1886 Waziri Mkuu Gladstone alileta mswada wa kuipa Ireland Bunge lake yenyewe. Chamberlain aliyakubali mambo mengi juu ya Waireland, hata kuwapa halmashauri za kujitawala katika mambo madogo. Lakini Bunge la kweli hakulikubali, kwa kuwa aliona kwamba kufungua kamba moja ni kuifungua Himaya nzima. Akajiuzulu, na mwezi Juni mswada ukaanguka kwa kura 343 dhidi ya 313. Shirikisho aliloliunda kwa mikono yake likamwacha likashikamana na Gladstone. Yeye naye akaungana na wale aliokuwa akiwatukana. Mwaka 1895 aliketi katika Baraza la Mawaziri la Lord Salisbury, yule yule msemaji wa watu wasiojua jasho.

Tusimwonee: hakuwasahau wafanya kazi kabisa. Sheria ya Fidia ya mwaka 1897 ilipatikana kwa juhudi yake. Kabla ya hapo mtu aliyekatwa mkono na mashine alilazimika kuthibitisha mahakamani kwamba kosa ni la mwajiri. Sheria ile ilisema kwamba katika kazi za hatari, kama vile reli, migodi na viwanda, mwajiri atalipa, kosa liwe la nani. Mabaharia, watumishi wa nyumbani na wafanya kazi wa mashamba waliachwa nje kwanza, lakini msingi ulikwisha kuwekwa. Msingi huo uliingia baadaye katika sheria za nchi zetu tangu zama za ukoloni, na hata Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, una asili ya mbali katika wazo hilo.

Waziri wa Makoloni

Sasa tuje kwetu. Chamberlain angeweza kuchagua wizara kubwa zaidi. Yeye aliomba Makoloni. Aliamini kwamba viwanda vya Uingereza vinahitaji masoko, na kwamba nchi zilizotawaliwa yafaa zijengewe reli na bandari kwa fedha za mkopo, kama vile Birmingham ilivyojengewa mabomba. Shule za utabibu wa magonjwa ya nchi za joto za Liverpool na London zilifunguliwa katika enzi yake, na wengi wameponywa kwa elimu yao. Hilo nalo tuliandike.

Lakini angalia tofauti. Katika Birmingham, kabla ya kununua maji, aliwaita wenye nyumba akawaeleza, wakapiga kura. Katika Afrika hakumwita mtu. Mwaka 1896 majeshi yaliingia Kumasi, na Asantehene Prempeh akakamatwa akapelekwa uhamishoni. Mwaka 1898 watu wa Sierra Leone walitozwa kodi ya kibanda, wakaasi wakiongozwa na Bai Bureh, na uasi wao ukazimwa kwa moto. Mwaka 1899 vilianza vita vya Makaburu, ambavyo Waingereza wenyewe waliviita vita vya Joe. Katika kambi ambamo jeshi liliwafungia raia walikufa Makaburu wapatao 28,000, wengi wao watoto. Katika kambi nyingine, zilizosahauliwa kwa muda mrefu, walikufa Waafrika zaidi ya 14,000.

Kabla ya vita Serikali yake ilikuwa imetaja mateso ya Waafrika chini ya Makaburu kuwa mojawapo ya sababu za kuwalaumu. Lakini mkataba wa amani ulipotiwa sahihi tarehe 31 Mei 1902, uliandikwa ndani yake kwamba suala la kura ya Mwafrika litaahirishwa mpaka weupe wapewe serikali yao wenyewe. Kuahirisha kwa namna hiyo ni kukataa kwa adabu. Waafrika wa Afrika Kusini waliingoja kura hiyo mpaka mwaka 1994.

Na mfanya kazi wa Kiingereza naye alipata nini? Tangu mwaka 1891 Chamberlain alikuwa akiwaahidi wazee pensheni. Vita viligharimu zaidi ya pauni milioni 200, na pensheni haikutoka. Ilitolewa na wengine, kwa sheria ya mwaka 1908, yeye akiwa tayari ni mgonjwa nyumbani. Fedha ya kumtunza mzee wa Birmingham iliteketea kwa baruti katika Transvaal. Tungependa kila mfanya kazi aliweke jambo hilo akilini: mwenye kumdhulumu mtu wa mbali, mwishowe humpunja na wa karibu.

Mombasa, Desemba 1902

Mwezi Desemba 1902, akiwa safarini kwenda Afrika Kusini, Chamberlain alitua Mombasa akapanda reli ya Uganda kwenda bara. Reli hiyo ilikuwa imefika ziwani mwaka mmoja tu nyuma, baada ya kazi ya Wahindi zaidi ya 30,000, ambao kama 2,500 kati yao walikufa. Alichungulia dirishani akaiona nchi ya juu, yenye baridi na majani mabichi, akaona kwamba inawafaa wageni. Mwaka uliofuata alimweleza Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, kwamba nchi hiyo ingefaa kwa Wayahudi waliokuwa wakiteswa huko Urusi. Kisha Serikali ikataja uwanda wa Uasin Gishu. Mateso yale yalikuwa ya kweli, na kuwahurumia waliokimbia ni jambo la utu. Lakini huruma ile ilitolewa kwa mali ya nani? Walowezi wazungu wa Nairobi walipiga kelele, wakasikilizwa. Wazayuni walijadiliana kwa uchungu, wakatuma watu kuitazama nchi, na mwaka 1905 wakakataa. Wanandi na Wamasai hawakuulizwa na mtu yeyote.

Na mwaka 1908 uwanda ule ule wa Uasin Gishu uliingiwa na Makaburu waliotoka Afrika Kusini na magari yao ya ng'ombe, wakapewa mashamba. Basi waliopigana katika vita vya Joe walipatana, na gharama ya mapatano ikalipwa na mtu wa tatu.

Mwisho wake

Mwaka 1903 Chamberlain alijiuzulu ili ahubiri habari ya ushuru: alitaka bidhaa za nchi za kigeni zitozwe, na za makoloni zipendelewe. Wapinzani wake walibeba mikate miwili katika mikutano, mkubwa na mdogo, wakamwuliza mfanya kazi anataka upi. Katika uchaguzi wa mwaka 1906 upande wake ulishindwa vibaya, ingawa Birmingham ilimpa viti vyake vyote saba. Katika uchaguzi huo huo wafanya kazi walipeleka Bungeni Wabunge 29 wa kwao wenyewe, na chama chao kikaitwa Labour. Mwezi Julai, siku chache baada ya kutimiza miaka 70, alipatwa na kiharusi, na ile sauti iliyotikisa kumbi ikawa haisikiki. Alifariki tarehe 2 Julai 1914. Jamaa zake walikataa azikwe katika kanisa la Westminster, wakamzika Birmingham.

Basi tumhukumuje? Sisi twaona kwamba alilofanya akiwa Meya ni sahihi, na wala utajiri wake hautuzuii kulisema. Maji ya watu yawe ya watu, na hesabu zake zitunzwe kwa ukali ule ule wa mwenye kiwanda, maana mali ya umma isiyo na hesabu nzuri hugeuka kuwa mali ya mwizi. Kadhalika twaona kwamba hakubadilika sana kama adui zake walivyodhani. Tangu mwanzo alipenda kuwatendea watu mema kwa shauri lake mwenyewe. Katika Birmingham watu walikuwa na kura, na kura ikamwongoza. Katika Kumasi na Uasin Gishu hawakuwa nayo, na hapakuwa na kitu cha kumzuia.

Kwa hiyo, kila kiongozi atakapokuja mbele yenu na maneno matamu ya mali ya watu, ndugu wafanya kazi, msipige makofi upesi. Mwulizeni kwanza: Watu gani? Tena mwulizeni wale wasiomo katika hesabu yake, wao atawapa kura lini?